Nilimsahihisha baba mkubwa kwenye grupu la harusi, sasa hataki kuja

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Tabata, na kazi yangu ni kusoma prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini. Kadi, kalenda, vipeperushi, ripoti, vitabu vya mazoezi vya watoto, hakuna kinachoingia mashineni kabla hakijapita machoni pangu. Naipenda kazi yangu. Shida ni kwamba saa kumi na moja jioni ofisi inafungwa, macho hayafungwi.

Nikipanda daladala, konda akisema “hii gari inaishia Buguruni”, mdomo unanitoka: gari hili linaishia. Mama lishe wetu ameandika ubaoni “chakura tayari”, nimemwambia mara mbili, ya tatu akaninyima mchuzi. Njiani kwangu kuna ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII AIUZWI. Nilipita pale miezi minne nikiumia. Siku moja nilikuwa na maka penu kwenye mkoba, nikashuka kituo kimoja kabla ya changu, nikaiongeza ile H. Mwenye nyumba akatoka na fimbo akidhani mimi ndiye tapeli wa viwanja.

Bosi wetu naye hutubandikia matangazo ya “masaa ya kazi” na “mapungufu yaliyojitokeza”. Hayo nameza, ndiye anayesaini mshahara.

Sasa kisa chenyewe. Mdogo wangu wa kiume anaoa wiki tano zijazo. Likafunguliwa grupu la WhatsApp la kamati ya harusi, watu 87, lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, bei ya kadi ya singo na ya dabo, kila kitu. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo aliyesimama upande wetu ni baba mkubwa. Alikulia Magu, akaja Dar akiwa mtu mzima, sasa anaishi Kivule, na Kisukuma hakijawahi kumtoka ulimini. Ndiye aliyeongoza washenga kupeleka mahari. Aliporudi jioni ile akaandika, nanakili kama alivyoandika:

“Habali za jioni ndugu zangu. Mahali imepokelewa vizuli sana. Sasa tujipange kwa ajili ya kalamu. Kila mtu atoe alichonacho, tusizalauliane.”

Shangazi, siku hiyo nilikuwa nimesoma ripoti ya kurasa 140. Vidole vikaenda vyenyewe. Nikaandika: “Baba mkubwa, si mahali, ni MAHARI. Si kalamu, ni KARAMU, kalamu ni ya kuandikia. Si tusizalauliane, ni TUSIDHARAULIANE.” Nikamalizia na katuni tatu za kucheka, ili isionekane nimekasirika.

Hazikupita dakika mbili, vicheko. Binamu yangu mmoja akatengeneza stika: sahani ya pilau, na juu yake kalamu ya bluu mahali pa paja la kuku. Ile stika ikazunguka mpaka kwenye grupu la upande wa bibi harusi. Saa nne usiku baba mkubwa akajitoa kwenye grupu. Mchango wake, laki tano, alishaumaliza, na hajadai arudishiwe. Amemwambia mama tu kwamba ukumbini hatasema neno, asije akachekwa mbele ya wakwe, na kwamba siku hiyo akiamka vibaya huenda asije kabisa.

Mama haongei na mimi. Neno lake la mwisho lilikuwa, “Umesoma mpaka umesahau ni pamba ya nani iliyokusomesha,” maana ada yangu ya kidato cha tano na cha sita alilipa baba mkubwa. Bwana harusi anataka niombe radhi grupuni. Niombe radhi kwa lipi? Nimesema uongo? Karamu ni kalamu? BAKITA lipo kwa ajili ya nini? Tukimwacha kila mtu aandike anavyojisikia, mwisho wa siku hatutakuwa na lugha. Jambo hili limepelekea hata usingizi kunipotea.

Na ujue kwamba sina ubaguzi, Kiingereza kibovu nacho kinaniuma vilevile. Mpambe wa bwana harusi, afisa wa benki, ametuma rasimu ya kadi iliyoandikwa “Your presents is highly needed”. Alitaka kusema kuwepo kwenu, akasema zawadi zenu. Nimeliona, nimenyamaza, kwa sababu simzoei.

Nifanyeje, Shangazi? Na macho kama haya yana dawa?

Msoma Prufu, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile H ya ukutani, maana nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kulikoni. Mtu ameandika kwamba nyumba yake haiuzwi kwa sababu mji huu una watu wanaouza nyumba za wenzao. Anachungulia dirishani anamwona mgeni mwenye mkoba, ameshika maka penu, anachezea tangazo. Una bahati alitoka na fimbo tu, hakuita mwizi.

Haya. Umeuliza kama ulisema uongo. Hukusema. Karamu ni ya kula, kalamu ni ya kuandikia, na mahari si mahali. Ingekuwa mtihani ningekupa alama zote.

Ila nilifundisha Temeke miaka 29, na tabia ya kusoma nikiwa na penseli haijaniacha. Barua yako niliisoma huku naandika pembeni majina, upande huu wale uliowasahihisha, upande ule wale uliowanyamazia. Upande huu wako konda wa daladala, mama lishe, mwenye ukuta na baba mkubwa wa Magu. Upande ule yuko bosi wako na afisa wa benki. Bosi anaandika masaa, wewe unameza. Afisa wa benki anawaomba wageni zawadi kwa Kiingereza, wewe unasema humzoei. Konda je, mmezoeana tangu lini?

Nakwambia haya kwa sababu umeniandikia kwamba huna ubaguzi. Naamini hujajitazama upande huo. Wengi wetu hatujajitazama. Mjini hapa mtu mwenye tai akikosea Kiswahili tunasema amezoea Kiingereza, akikosea Kiingereza tunasema lugha ya watu. Mtu wa kandambili akiweka l mahali pa r, stika inatoka kabla hajamaliza kuandika. Baba yako mkubwa analijua hilo kuliko wewe na mimi, kwa sababu lilimpata tangu siku aliyoshuka basi. Na ndiyo maana hajagombana nawe juu ya r wala l. Ameondoka tu.

Hizo r na l zenyewe, wewe mtaalamu unajua zinatoka wapi. Lugha nyingi za bara zina sauti moja pale ambapo Kiswahili kina mbili. Kisukuma hakina r. Mtoto aliyenyonya lugha isiyo na r sikio lake huifunga hiyo sauti mapema, na ukubwani kuifungua ni kazi, kama ilivyo kazi kwako kutamka vizuri jina la Mfaransa. Dh nayo imetujia na maneno ya Kiarabu, na wako watu wa pwani, Kiswahili ndicho cha mama yao, wanaosema zambi na zarau maisha yao yote na hakuna anayewatengenezea stika.

Halafu rudi usome ule ujumbe wake. Usiusome kama prufu. Mzee ametoka kupeleka mahari ya mtoto wa marehemu ndugu yake, amechoka, anawaambia watu 87 kwamba kila mmoja atoe alichonacho na mwenye kidogo asidharauliwe. Ukamjibu kwamba neno la kuwaambia watu wasidharauliane linaandikwa kwa dh. Kwa herufi kubwa. Na katuni tatu za kucheka juu yake. Mimi nikiwa mama yako ningenyamaza pia, kwa muda.

Sasa hili la BAKITA. Lipo tangu 1967, kwa sheria ya Bunge, na kazi yake ni kubwa, lakini sijasikia limemtoa mtu kwenye kamati ya harusi. Na Kiswahili sanifu unachokishikia bango kina historia yake. Mwaka 1928 watu wa serikali za kikoloni wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana kuamua lahaja ipi iwe msingi wa kuandikia. Walikutana Mombasa, nyumbani kwa Kimvita, wakachagua Kiunguja. Wangechagua cha wenyeji wao, leo njia ingekuwa ndia na kucheka kungekuwa kuteka. Ungekuwa unaniandikia kwamba grupu zima lilimteka baba mkubwa, na hakuna polisi ambaye angekuja.

Sisemi kwamba usanifu ni upuuzi. Nimekula kwa usanifu miaka 29. Nasema tu lugha hii imejengwa na watu waliokosea bila aibu. Kitabu ni neno la Kiarabu, wingi wake kwao ni kutub. Babu zetu wakasikia ki- pale mwanzoni, wakasema, aa, hiki ni kama kiti na kisu, basi vikiwa viwili ni vitabu. Mwarabu aliyesikia mara ya kwanza lazima alishika kichwa. Kalamu nayo kwao ni qalam, kwa sauti ya kooni ambayo sisi hatuna, tukaweka k tukaendelea kuandika. Mudguard ya gari ikaanza na ma-, kwa hiyo ni madigadi, na moja likivunjika fundi atakwambia digadi. Kibao cha keep left kilichosimama kwenye mzunguko wa barabara kikatupa kiplefti, na viwili ni viplefti. Hata hilo ulilolieleza kwa adabu, kwamba baba mkubwa “akajitoa kwenye grupu”, mjini wote tunasema alilefti. Kiplefti na kulefti, sura moja, mama tofauti: left ya kwanza ni kushoto, ya pili ni kuondoka. Lipi kati ya haya utakuta limefia njiani miaka 50 ijayo sijui wewe, mimi sitakuwepo.

Kijana anayenipangia ukurasa huu alizungushia wino mahali pawili katika barua yako, kwenye “limepelekea” na kwenye “mwisho wa siku”. La kwanza walimu wa rika langu wangetaka useme limesababisha. La pili ni Kiingereza kilichojifunga kanga. Akaniuliza arekebishe? Nikamwambia aache. Nilielewa ulichotaka kusema, na ulikuwa na huzuni.

Tuje kwenye la kufanya.

Usiombe radhi grupuni, angalau si kwanza. Mdogo wako ana nia njema ila hajafikiri: uliyemkosea hayumo humo. Utakuwa unawaomba radhi watu 85 waliocheka. Mpigie simu mama mkubwa, umuulize mzee anakuwepo lini, na Jumapili mchana uende Kivule. Usitume ujumbe, kwenu nyie ujumbe umeshaharibu ya kutosha. Usiende na keki. Beba mchele na sukari kama mtoto anayerudi kwao. Kwao Magu binti humwamkia baba yake kwa kupiga goti, kwa hiyo siku hiyo usijifanye wa Tabata.

Maneno yawe machache. “Baba, nilikuaibisha mbele ya watu. Nimekuja kuomba radhi.” Basi, nyamaza. Najua ulimi wako, utataka kuongeza lakini. Ukiongeza lakini, hata moja, ubebe mchele wako urudi. Usimweleze kwamba ulikuwa umechoka, usimweleze habari za kurasa 140, na ole wako uguse r au l. Akikwambia “yameisha”, yamkini hayajaisha, wewe kaa, saidia jikoni, kula, ondoka jioni.

Siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka, muombe asimame ukumbini aseme. Usijitolee kumwandikia hotuba. Utaona wema, yeye ataona umekuja kumfunga mdomo kwa karatasi. Mwombe tu aanze na salamu ya Kisukuma, kwa heshima ya baba yenu. Wakwe watajibu watakavyoweza, na nakuhakikishia watakosea, na hakuna atakayewahesabia.

Ukirudi, ndipo uandike grupuni mistari miwili: nilimvunjia heshima baba mkubwa hapa mbele yenu, nimeshakwenda kwake, naomba stika ile ifutwe. Mwenyekiti amrudishe mzee grupuni mwenyewe akitaka. Binamu yako wa stika naye aende Kivule, kwa nauli yake.

Kadi ni suala jingine kabisa, na hapo nataka ukali wako wote. Kilichoandikwa kadini kinachapwa, kinabandikwa kwenye friji za watu, kinabaki. Humo karamu iwe karamu, na hakuna mzee atakayeumia, maana anayesahihishwa ni karatasi. Anza na yule wa benki. Mtumie ujumbe peke yake, umweleze tofauti ya presents na presence kwa upole uleule ambao ungependa kuwa ulimfanyia baba yako. Ingawa nikuibie siri, katika kamati zote za harusi nilizokaa, hilo ndilo kosa la kwanza kuona lililosema kweli tupu.

Na bosi wako: chapa lile tangazo la masaa likiwa saa, umpelekee mezani, useme nimelisafisha kidogo. Uone kama mshahara utapungua. Nadhani hautapungua, lakini ukiogopa nitakuelewa, na wewe utaelewa kwa nini mama lishe alikunyima mchuzi.

Umeuliza dawa ya macho. Haipo, nisikudanganye. Mimi masaa yananichoma mpaka leo. Mwaka juzi sokoni Magomeni nilimwambia muuza samaki kwamba alichoandika kwenye boksi ni kosa, si pelege, ni perege. Akaniangalia, akasema, “Mama, umekuja kununua samaki au jina lake?” Nikanunua wanne, na sikuomba hata punguzo. Tangu hapo nimejiwekea daftari dogo mkobani. Nikiona kosa naliandika humo, na tarehe, na mahali, na mkono unatulia. Nimeshajaza madaftari matatu. Yapo makosa humo mazuri kuliko mashairi.

Linalostahili ufungue mdomo barabarani ni lile linaloweza kumdhuru mtu. Ukikuta pakiti ya sumu ya panya imeandikwa “haizuru watoto”, hapo usiandike daftarini. Haizuru ni kwamba haiwatembelei, na mama aliyeharakishwa atasoma kwamba haina madhara. Piga simu kwa mwenye mali, piga kelele dukani, leta hata maka penu. Konda na gari lake, mwache afike Buguruni.

Nenda Jumapili hii, usingoje ya pili, wiki tano ni chache. Mzee atakupokea, nawajua wazee wa namna hiyo, atajifanya ana kazi za uani kwa nusu saa kwanza. Mkishakula ataanza kuuliza habari za shughuli, ukumbi uko wapi, magari mangapi. Na akikuuliza, “Hiyo kalamu inaanza saa ngapi?”, mjibu: saa moja jioni, baba.

Shangazi